Kununua gari bila kuumia mfukoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamelenga mnunuzi wa Tanzania, anayenunua gari lililotumika, aliagize Japani au alinunue kwa mtu hapa nchini. Takwimu za shilingi kwenye mifano ni za kukuonyesha hesabu inavyokwenda. Weka bei za kwako, hesabu itabaki ileile.

Nina milioni 15. Nitafute gari la milioni 15?

Hapana. Tafuta la milioni 12, ikizidi sana 12 na nusu. Gari lililotumika, hata liwe zuri vipi, linadai pesa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo: kubadilisha umiliki, bima, sevisi kamili, betri, na mara nyingi matairi na bushi. Anayemaliza akiba yote siku ya kununua huendesha na oili ya zamani na matairi yaliyokwisha kwa sababu hana kitu mfukoni, na hapo ndipo injini nzima inapoharibika kwa kukosa oili ya lita nne. Tenga asilimia 15 hadi 20 ya pesa yako kabla hujaanza kutazama picha za magari. Ukishalipenda gari hutatenga tena.

Litanila kiasi gani kwa mwezi?

Tuchukue Toyota IST ya cc 1500 iliyonunuliwa kwa milioni 15, inayotembea kilometa 1,200 kwa mwezi ndani ya foleni za Dar es Salaam. Kwa foleni hizo tuikadirie kilometa 12 kwa lita. Hiyo ni lita 100 kwa mwezi, na kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 unapata 300,000. (Bei kikomo halisi ya mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.)

Sevisi kila kilometa 5,000 ni kama mara tatu kwa mwaka. Ikiwa kila moja ni 120,000, tenga 30,000 kwa mwezi. Matairi manne ya 150,000 yakidumu miaka mitatu ni kama 17,000 kwa mwezi. Bima kubwa, ukipigiwa asilimia 3.5 ya thamani pamoja na VAT, ni 619,500 kwa mwaka, yaani kama 52,000 kwa mwezi. Maegesho na kuosha 60,000. Mfuko wa matengenezo yasiyotarajiwa 80,000, na huu usiufute kwa sababu mwezi huu hakuna kilichoharibika.

Jumla ni kama 539,000. Hapo bado hujahesabu kushuka thamani: ukiliuza baada ya miaka minne kwa milioni 10, umepoteza milioni 5, sawa na 104,000 kila mwezi. Kwa hiyo gari hili ni gharama ya karibu 640,000 kwa mwezi, hata kama ulilinunua taslimu na hudaiwi na mtu. Linganisha na unachotumia sasa kwenye daladala, mwendokasi na bajaji, kisha uamue kama tofauti hiyo unaimudu mwezi hadi mwezi.

Niagize mwenyewe Japani au ninunue yadini?

Ukiagiza unapata gari ambalo halijaguswa na barabara zetu, na unalichagua wewe. Unachotoa ni muda (wiki kadhaa za meli na za bandari) na hatari ya shilingi kushuka dhidi ya dola kati ya siku unayolipa gari na siku unayolipa kodi. Yadini unalipa faida ya mwenye yadi, lakini unaliwasha, unalikagua na unaondoka nalo. Ukinunua kwa mtu binafsi bei huwa chini zaidi, na kazi ya kukagua inakuwa yako yote.

Ukiagiza, soma bei vizuri. FOB ni gari likiwa limepakiwa melini Japani tu. CIF ni gari, bima ya baharini na nauli ya meli hadi Dar. Watu wengi huona FOB ya dola 1,800 wakadhani ndiyo bei, kisha nauli inawashtua.

Kabla ya kutuma pesa, hakikisha jina la akaunti ya benki ni la kampuni yenyewe, si la mtu. Angalia kama kampuni imo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika wa Japani. Omba namba ya chasisi na karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari kutoka mnada lilikouzwa Japani). Anayekataa kutoa vitu hivyo viwili achana naye, hata kama bei yake ni nzuri. Hasa kama bei yake ni nzuri.

Karatasi ya mnada naisomaje?

Alama ya jumla iko kwenye kona ya juu: 4.5 au 4 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo na mibonyeo ya kawaida. R au RA maana yake liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi kuanzia A. Chini kuna mchoro wa gari likiwa limefunuliwa kama karatasi, na juu ya kila sehemu kuna herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipokandwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mlango mmoja wenye W usikutishe. Boneti yenye XX pamoja na bampa na taa mpya za mbele inakuambia gari liligonga kitu.

Kodi ya TRA inapigwaje?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hujumlisha asilimia kana kwamba zote zinapigwa juu ya bei ya gari. Hazipigwi hivyo. Kila kodi inapanda juu ya mgongo wa iliyotangulia.

Tuseme thamani ya CIF ni dola 3,000, gari dogo la cc 1500, lenye umri unaozidi miaka 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani dola 750. Sasa msingi ni 3,750. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000 ni asilimia 5 ya msingi huo: 187.5. Ushuru wa uchakavu kwa gari la zaidi ya miaka 10 ni asilimia 30 ya msingi uleule: 1,125. Jumlisha vyote, unapata 5,062.5, na juu yake VAT ya asilimia 18: 911.25. Kodi hizi nne peke yake ni dola 2,973.75, karibu sawa na gari lenyewe. Tozo ya reli, ada ya kuchakata nyaraka za forodha na ada ya usajili bado hazimo.

Mambo matatu yanatoka kwenye hesabu hiyo. Kwanza, umri una uzito kuliko cc. Gari lenye miaka 8 hadi 10 hupigwa uchakavu wa asilimia 15 badala ya 30, na lililo chini ya miaka 8 halipigwi kabisa. Kwa mfano wetu, kukwepa uchakavu wote kunaokoa dola 1,125 pamoja na VAT yake, jumla 1,327.5. Kwa hiyo gari la mwaka wa karibu zaidi linaloonekana ghali kwa dola 800 huenda likakufikia nyumbani kwa bei ndogo zaidi. Piga hesabu zote mbili kila mara.

Pili, injini isiyozidi cc 1000 haina ushuru wa bidhaa. Passo yenye cc 996 imo kwenye kundi hilo. Na ukivuka cc 2000, kiwango kinapanda hadi asilimia 10.

Tatu, TRA haitumii bei uliyolipa. Ina thamani zake kwa kila modeli, mwaka na cc, na kikokotoo chake cha magari yaliyotumika kiko wazi kwenye tovuti yake. Ingiza gari lako humo kabla hujalipa Japani, kisha ingiza tena wiki ya kulipa, kwa sababu viwango hubadilika bajeti mpya inapoanza Julai. Ankara ya bei ya chini aliyokuandikia muuzaji haitakusaidia kitu.

Umri unahesabiwa kuanzia lini?

Mwaka wa kutengenezwa, si mwaka lilipofika Tanzania. Jihadhari na gari lililo ukingoni: ambalo likifika Desemba liko ndani ya kundi nafuu, meli ikichelewa hadi Januari linaweza kuangukia kundi la juu. Muulize wakala wa forodha kabla ya kuchagua meli ya mwisho wa mwaka.

Bandarini kuna gharama gani zaidi ya kodi?

Ada ya wakala wa forodha, ada ya kampuni ya meli kukupa hati ya kuchukulia mzigo, gharama za bandari, ukaguzi wa ubora, na vibao vya namba. Kinachoumiza zaidi ni tozo ya kuhifadhi. Bandari hutoa siku chache za bure, baada ya hapo saa ya pesa inaanza kukimbia kila siku. Chanzo cha kuchelewa karibu kila mara ni kimoja kati ya viwili: nyaraka halisi hazijafika kutoka Japani, au mnunuzi alilipa gari akiwa bado anatafuta pesa ya kodi. Nyaraka ziwe mkononi mwa wakala kabla meli haijatia nanga, na pesa ya kodi iwe benki kabla hujaagiza. Gari lisilo na pesa ya kodi usiliagize.

Lipa kodi kwa namba ya malipo ya serikali inayotoka kwa jina lako. Usimpe wakala pesa ya kodi akulipie.

Kilometa za dashibodi ni za kweli?

Usiziamini bila karatasi. Japani gari hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilometa huandikwa. Cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani nacho huwa na kilometa. Mtu anayekuuzia gari aliloliagiza mwenyewe anapaswa kuwa na nakala. Kama cheti kilisema 118,000 mwaka 2019 na leo dashibodi inasoma 92,000, huna cha kujadili.

Bila karatasi, soma gari lenyewe. Tazama mpira wa pedali ya breki: ukiwa umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia, gari halina kilometa 60,000. Usukani unaong'aa kama umepakwa mafuta pale mikono inaposhika, kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango, na alama ya P na D iliyofutika kwenye gia vinasema hivyo hivyo.

Namba D, namba E: zina maana gani kwenye bei?

Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la 2004 lililoingia juzi litakuwa na namba E, na la 2010 lililoingia zamani litakuwa na namba C au D. Madalali huuza herufi. Wewe nunua mwaka wa kutengenezwa, hali ya injini na historia. Namba ya juu ina faida moja ya kweli: gari limekaa muda mfupi zaidi kwenye mashimo yetu.

Gari gani ni nafuu kulitunza?

Lile ambalo spea zake ziko kila mtaa na fundi wa kawaida analijua. Kwa Tanzania maana yake ni Toyota ndogo zenye injini za familia ya NZ: IST, Vitz, Raum, Spacio, Premio na Allion za cc 1500. Injini ya 1NZ hutumia cheni ya taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha, na oili yake pamoja na filta ni lita 3.7 tu.

Jihadhari na injini za D4, hasa kwenye Noah na RAV4 za miaka ya 2000. Zinanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, pampu yake haivumilii mafuta machafu, na si kila fundi anaiweza. Subaru zenye injini ya EJ20 ni nzuri barabarani, lakini mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye kilometa 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na injini imekwisha. Usiponyeshwa ushahidi kwamba ulibadilishwa, toa gharama hiyo kwenye bei. Magari ya gia za CVT (gia otomatiki zisizo na hatua) yanataka mafuta yake maalumu, na mtu akishaweka mafuta ya gia ya kawaida uharibifu unaanza kimyakimya.

Ulaji wa mafuta nao ni hesabu. Kwa kilometa 15,000 kwa mwaka, gari la kilometa 14 kwa lita linakunywa lita 1,071. La kilometa 8 kwa lita linakunywa 1,875. Tofauti ya lita 804, kwa shilingi 3,000, ni zaidi ya milioni 2.4 kila mwaka. Harrier ya bei ya kutupa si ya bei ya kutupa.

Kabla ya kulipa nikague nini?

Nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiliwashe. Gusa injini. Ikiwa ya moto, limewashwa ili kuficha jinsi linavyowaka likiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili: ute wa rangi ya maziwa ya chai unaashiria maji yanaingia kwenye oili, na hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Fungua rejeta ikiwa baridi. Maji yenye kutu au yanayoelea mafuta ni dalili ya shida hiyohiyo. Washa, mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokwisha ni maji, mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

Tembea kuzunguka gari ukitazama mianya kati ya milango na bodi. Isipolingana upande huu na ule, gari limenyooshwa. Inua zulia la buti utazame palipochomelewa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho: matope au doa la maji kwenye kitambaa cha ndani huonyesha gari lililozama.

Matairi yana tarakimu nne ndani ya alama ndogo ya yai. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini umri wa miaka minane ni la kutupa, kwa hiyo punguza bei ya matairi manne.

Kisha mlipe fundi wako, si wa muuzaji, alipandishe juu na kulipima kwa mashine ya kusoma hitilafu. Liendeshe angalau nusu saa, pamoja na mlima na barabara ya vumbi. Taa ya injini isiyowaka kabisa unapofungua swichi ni mbaya kuliko inayowaka: huenda imetolewa.

Nitajuaje kama lina deni au halimilikiwi na anayeuza?

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Jina la kadi lifanane na kitambulisho cha anayeuza. Kama kadi ina jina la benki au taasisi ya mikopo, mauzo hayafanyiki bila barua yao ya kuondoa dhamana. Angalia faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, kisha angalia madeni ya maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Madeni hayo hufuata namba ya gari. Mwambie muuzaji ayalipe mbele yako au uyakate kwenye bei.

Na gari la namba za IT?

Hilo liko safarini kwenda nchi jirani na halijalipiwa kodi ya hapa. Usiguse.

Pesa nitoe lini?

Baada ya mkataba kusainiwa mbele ya wakili, kadi halisi ikiwa mezani, na kwa benki au simu ili ushahidi ubaki. Bei iliyoandikwa iwe ile mliyokubaliana. Siku hiyohiyo au kesho yake anzeni kubadilisha umiliki TRA, nyote wawili mkiwa na TIN. Kuna ada ya kuhamisha 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Anayesema "endesha tu, tutabadilisha baadaye" anakuachia shida: akifariki au akigombana na ndugu, kwenye kadi gari bado ni lake.

Mkopo je?

Swali la kwanza kwa mkopeshaji lisiwe "riba ni asilimia ngapi?" Uliza: riba inapigwa juu ya deni la mwanzo au deni linalobaki?

Milioni 15 kwa miezi 36, riba asilimia 18. Ikipigwa juu ya deni la mwanzo hadi mwisho, riba ni milioni 8.1, unarudisha milioni 23.1, kila mwezi 641,667. Ikipigwa juu ya deni linalobaki, kila mwezi ni kama 542,300 na riba yote ni kama milioni 4.52. Asilimia ni ileile 18, tofauti ni milioni tatu na nusu. Ile ya kwanza, ukiigeuza kuwa ya deni linalobaki, ni kama asilimia 30.6 kwa mwaka.

Omba jedwali la marejesho la mwezi kwa mwezi. Ongeza ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mkopo na kifaa cha kufuatilia gari, maana vyote huwa juu yako. Uliza pia adhabu ya kulipa mapema. Sheria inayotaka ubaki na theluthi moja ya mshahara ni kikomo cha mwisho, si lengo. Rejesho ukilijumlisha na gharama za kuendesha tulizohesabu juu, gari la mkopo la milioni 15 linaweza kufikia milioni 1.1 kwa mwezi kirahisi.

Bima ndogo inatosha?

Bima ndogo hulipa uliyemgonga tu. Gari lako likiibwa au kuungua, umepoteza. Kama huwezi kununua jingine kesho kwa akiba yako, chukua bima kubwa, na kwa gari la mkopo utalazimishwa. Thamani iandikwe ya soko la leo. Ukiandika ndogo ili kupunguza ada, fidia nayo itapunguzwa kwa uwiano huohuo. Hakikisha stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla hujaondoka kwa wakala.

Niko Kenya. Haya yananihusu?

Ukaguzi, kilometa na riba ndiyo. Kodi na umri hapana: Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na umiliki hushughulikiwa na NTSA.

Kuna wakati wa kusema "bado"?

Upo. Kama rejesho la mkopo linahitaji posho au oda ambayo haina uhakika, bado. Kama pesa ni ya ada ya watoto ya Januari, bado. Kama muuzaji anataka jibu leo kwa sababu "kuna mteja mwingine anakuja saa kumi", mwache huyo mteja alichukue.